Barua kwa mwanangu: Nilichokuwa nikiimbia asubuhi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili usiku nimeusoma mara tatu. Umeniambia kwamba tangu mkataba wako wa kazi huko Eldoret ukatizwe huna hamu ya kanisa wala ya watu, kisha ukaniuliza: "Mama, mwaka ule baba alipofariki ulikuwa unaamka ukiimba. Ulikuwa unaona nini cha kuimbia? Ama ulikuwa unatuigizia?" Sikutaka kukujibu kwa simu. Kwa simu ningesema Mungu yupo, nikakuuliza kama umekula, basi.

Asubuhi nyingine nilikuwa nawaigizia, ndiyo. Niliimba ili ninyi watoto mjue mama ameamka na uji upo jikoni. Lakini haikuwa hivyo kila asubuhi, na hizo nyingine ndizo nataka kukueleza.

Unakumbuka tulivyomzika. Aprili 2020, kwa masharti ya korona, watu 15 tu kaburini, na baba yako alivyokuwa mtu wa watu! Baba yako mdogo alikuwa Nairobi, na Nairobi ilikuwa imefungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Alimzika kaka yake kupitia simu iliyoshikwa juu na binamu yako, mtandao ukikatikakatika. Matanga hayakuwepo. Hatukukesha na jamaa tukiota moto na kumsimulia marehemu mpaka tucheke. Saa moja jioni ni kafyu, kila mtu kwake. Mimi naamini kilio kikikosa watu wa kukipokea hukaa mwilini, na changu kilikaa.

Biashara nayo ikalala. Mitumba ilikuwa imepigwa marufuku kuingia nchini kwa hofu ya korona, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Agosti. Kibandani kwangu pale sokoni Kibuye, hapa Kisumu, hakukuwa na kamera tena, zile nguo za daraja la kwanza, wala daraja la pili. Ilibaki fagia, zile nguo za mwisho kabisa ambazo mteja huzigeuza kwa kidole kimoja na kwenda zake.

Katika siku hizo mtumishi mmoja alinipigia akaniambia, "Mama, shukuruni kwa kila jambo." Nilikata simu. Nilikaa na hasira siku mbili. Nimshukuru Mungu kwa sababu mume wangu amekufa? Usiku ninyi mkilala nilichukua Biblia nikaanza kusoma Zaburi moja baada ya nyingine, nikitafuta mtu mwenye hasira kama yangu. Nikampata. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu atamsahau mtu hata lini. Ya 88 ni kilio mwanzo hadi mwisho, na inaishia gizani, bila hata mstari mmoja wa kufariji. Nilishangaa kwamba maneno kama hayo yameachwa humo kitabuni na hakuna aliyeyafuta. Nikajua naweza kuongea na Mungu hivyo hivyo nilivyo. Niliongea, mwanangu. Mengine siwezi kuyaandika hapa.

Halafu nikamrudia Paulo na ule mstari wake wa "shukuruni kwa kila jambo". Mtu huyo huyo aliwaandikia Wakorintho kwamba huko Asia walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuambia wengine maneno mepesi. Nikaliangalia lile neno "kwa". Kwetu linabeba mengi: nakwenda kwa miguu, nalia kwa uchungu, niko kwa shangazi. Mimi siyo msomi wa Biblia, lakini tangu usiku ule nalisoma kama "ndani ya". Ndani ya kila jambo. Kifo cha baba yako sijawahi kukishukuru, na wewe usijilazimishe kuushukuru mkataba uliokatizwa. Ni jambo baya. Liite baya.

Sasa daftari. Unalijua lile la madeni, lenye jalada la bluu. Jioni moja nililifungua nione nani ananidai na nani namdai, maana kodi ya kibanda ilikuwa imefika. Nikiwa hapo, akabisha mama yule wa Ahero aliyekuwa akiuza mchele karibu nami. Mvua za mwaka ule zilikuwa kali. Ziwa Victoria lilipanda kufikia kiwango ambacho halikuwa limefikia tangu 1964, na mto Nyando ulikuwa umemwaga maji hadi sebuleni kwake, yeye na watoto wakilala darasani. Alikuja na gorogoro mbili, yale makopo ya kupimia, za mahindi ndani ya mfuko wa nailoni. Yalikuwa na unyevu na harufu ya tope. Akaniambia, "Yaanike kwanza, yasiote." Hakukaa, kwa sababu ya kafyu.

Nilimwaga yale mahindi kwenye mkeka, nikawa nayatandaza kwa kiganja, na hapo ndipo nililia kilio changu cha matanga. Nikaosha mikono. Nikageuza daftari nyuma, ukurasa wa mwisho, nikaandika: mahindi, gorogoro 2, mama wa Ahero. Niliandika kama deni, maana ni deni.

Kuanzia hapo nikawa naandika kila jioni, na kiasi chake, kwa sababu huzuni ni sahaulifu sana. Asubuhi ilikuwa ikiniambia sina mtu, nami nafungua ukurasa. Fundi wa magari wa barabara ya pili alinunua fagia zangu za pamba nilizokata matambara, shilingi 300, akaniambia nilete nyingine Ijumaa. Baba yako mdogo alituma 500 na kusema ni ya sukari. Kuna siku niliandika tu: nimelala saa tano mfululizo. Kuna siku sikupata kitu, nikaacha mstari mtupu, na sikujilaumu.

Hicho ndicho nilikuwa nikiimbia. Mahindi, matambara, usingizi. Sikuona mpango wowote mkubwa wa Mungu ndani yake, na mpaka leo sijauona. Niliona kwamba hakuniacha, na kwamba alikuja na miguu ya watu.

Juzi nililitafuta hilo daftari baada ya ujumbe wako. Nimepiga picha kurasa mbili, dada yako atakutumia kwenye simu. Tazama ule wa pili, katikati, karibu na alama ya chai. Mwandiko umefifia lakini utasomeka: "Kijana ameosha vyombo vyote bila kuambiwa, kisha akaketi nami nje, kimya, mpaka mbu walipotufukuza." Ulikuwa kidato cha tatu, shule zimefungwa. Huenda wewe umeshasahau.

Nauli ya kuja Kisumu nimeitenga. Njoo hata kesho.

Mama yako