Bahari ya Bagamoyo kwa watu wa ziwani

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi na mume wangu tunaishi Nyakato, jijini Mwanza, na likizo ya Juni tunakusudia kuwapeleka watoto wetu, wa darasa la nne na la sita, wakaione bahari Bagamoyo. Shemeji yangu anasema huko kuna magofu na hoteli tu, na kwamba maji na mchanga tunavyo hapa hapa. Je, safari hiyo ina faida, na siku mbili zitatutosha?
Mama wa wawili, Nyakato

JIBU: Mama, shemeji yako hajatazama vizuri. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, jambo ambalo watoto wa ziwani hawajaliona, na kwa kuwa ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare, maji yakipwa huenda mbali sana hata ngalawa zikabaki zimelala ubavu kwenye mchanga, na aliyekuja kuogelea akaambulia kufukuza kaa. Ukifika, waulize wavuvi saa ya maji kujaa, kisha saa za kupwa uzitumie kuutembelea mji.

Mji wenyewe una undugu na kwenu kuliko wengi wanavyodhani. Mpelelezi Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na wapagazi waliobeba mashua yake, Lady Alice, ikiwa vipande vipande, na mwishoni mwa Februari 1875 wakafika Kageye, wilayani Magu, ambako iliunganishwa na kushushwa ziwani. Ningekuwa wewe, ningewapeleka watoto Kageye Jumapili moja kabla ya likizo, ili watakapoingia katika ua wa Caravanserai, walipokuwa wakifikia wapagazi, wajue mzigo ule uliishia wapi.

Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868, itengeeni asubuhi nzima. Upo mnara wa kanisa la kale ambamo mwili wa mmisionari Livingstone, uliobebwa na watumishi wake, akina Susi na Chuma, kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, ulilazwa Februari 1874. Na upo mbuyu uliomeza mnyororo, kikabaki kipande kifupi tu kinachochomoza kwenye gome. Magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13, yako kilomita 5 hivi kusini. Nendeni kwa bajaji, kwani njia ya ufukweni haifai kwa wageni wasio na mwenyeji.

Siku mbili zinautosha mji, lakini haziitoshi safari. Basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam hupita kilomita elfu moja. Mnaweza kushukia Dodoma na kumalizia kwa treni ya umeme. Kutoka Dar es Salaam zinabaki kilomita 70 hivi. Baada ya uchovu huo, laleni usiku tatu.

Mji ni wa Waislamu wengi, hivyo nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Sokoni mtakuta pweza na changu wa kukaanga. Ulizeni bei kabla samaki hajatiwa kwenye mafuta.