Apache Hajateka Tovuti Yenu: Majibu Kuhusu Seva za Wavuti

Maswali ya safari hii yametoka miji tofauti, lakini karibu yote yamebeba jina moja: Apache. Mmoja ameliona kwenye ukurasa wa tovuti, mwingine kwenye barua pepe, mwingine kwenye ankara ya fundi. Kwa asiyelijua, Apache ni programu ya seva ya wavuti. Inakaa kwenye kompyuta iliyohifadhi tovuti, inapokea ombi kutoka kwenye kivinjari chako, inatafuta ukurasa ulioutaka na kukuletea. Ni programu huria: msimbo wake, yaani maandishi ya amri zinazoiunda, uko wazi, na yeyote anaweza kuuchukua akautumia. Kwa kuwa ni yeyote, jina hilo limesambaa kwenye mamilioni ya seva ambazo watengenezaji wake hawajawahi kuziona wala kuzigusa.

Habari za kazi. Tangu Jumatatu tovuti ya shule yetu haifunguki kama zamani. Badala ya picha na matokeo unatokea ukurasa mweupe wenye maneno "It works!" na jina la Apache. Mkuu wa shule anataka twende polisi turipoti kwamba Apache wametuteka. Tuanzie wapi? — Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, pole na usumbufu. Kabla ya polisi, mpigieni simu mnayemlipa kwa ajili ya nafasi ya tovuti.

Ukurasa huo ni wa majaribio, na huja pamoja na programu yenyewe. Fundi akimaliza kusimika Apache kwenye kompyuta mpya, hufungua kivinjari ili aone kama inajibu. Akiukuta ukurasa huo anajua kazi imekubali, kisha anaweka tovuti halisi mahali pake. Kwa hiyo mnapouona ninyi, maana yake seva iko hai na inajibu, ila haijaikuta tovuti ya shule pale ilipoambiwa iitafute.

Sababu ni za kawaida. Huenda kampuni imewahamishia kwenye seva nyingine na mafaili hayajafika. Huenda jina la tovuti limeelekezwa kwenye kompyuta isiyo na kitu. Huenda seva imesimikwa upya, au malipo ya mwaka yamepita na akaunti yenu imezimwa. Seva moja huweza kubeba tovuti mamia, na Apache huzitenganisha kwa majina yaliyoandikwa kwenye faili la mipangilio. Jina lenu likifutwa humo kwa bahati mbaya, mgeni wenu hupelekwa kwenye ukurasa wa kwanza uliopo, na mara nyingi ndio huo wa majaribio.

Mwambie mkuu wako kwamba waliotangulia kukasirika ni wengi. Mwezi Machi 2006, meneja wa mji mdogo wa Tuttle, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, alifungua tovuti ya mji wake akakuta ukurasa wa namna hiyo. Ulikuwa na jina la CentOS, mfumo endeshi huria ambao Apache ilikuwa imesimikwa juu yake. Aliwaandikia watengenezaji wa CentOS akiwataka waondoe programu yao kwenye tovuti ya mji, akatishia kuwaita FBI. Alisema ana uzoefu wa miaka 22 katika mifumo ya kompyuta. Mmoja wa watengenezaji, aliyekuwa anajitolea tu, alimjibu barua baada ya barua kwa upole, mpaka ikabainika kwamba kasoro ilikuwa kwa kampuni iliyokuwa ikitunza tovuti ya mji. Kisa hicho kimebaki kichwani mwangu kwa sababu ya yule mtengenezaji. Alitoa kazi yake bure, akatukanwa kwayo, na bado akakaa chini kumsaidia aliyemtukana.

Sasa ya kufanya. Ulizeni kampuni kama kuna uhamisho au matengenezo yaliyofanyika wiki hiyo, kama malipo ya kikoa (jina la tovuti) na ya nafasi yako sawa, na nakala rudufu ya mwisho ni ya lini. Msikubali mtu "asimike upya" chochote kabla hamjaiona nakala hiyo. Waombeni pia waangalie kama mafaili yenu yapo na kama kuna yaliyobadilishwa na mtu asiyejulikana. Mdukuzi kwa kawaida huacha kitu: matangazo ya kamari, ujumbe wa kujisifu, au wageni wenu kurushwa kwenye tovuti nyingine. Mkikuta dalili za namna hiyo, hapo taarifa polisi ina maana.

Kaka, wateja wangu wanapokea barua pepe za ajabu kutoka anwani inayoanza na "apache@" na kumalizikia na jina la duka langu. Nimewaandikia Apache huko Marekani waache, hawaachi. Niwashitaki? — Mwenye duka la vipuri, Mombasa

Ndugu yangu, barua hizo karibu hakika zinatoka kwenye seva yako mwenyewe. Iangalie anwani upya. Kinachotaja mwenye nyumba ni kile kilicho baada ya alama ya @, na hapo pameandikwa duka lako.

Seva ya wavuti haiendeshwi kwa jina la mtu. Kwenye mifumo ya ukoo wa Red Hat hupewa mtumiaji maalumu aitwaye "apache", na kwenye Debian na Ubuntu huitwa "www-data". Fomu ya mawasiliano iliyo kwenye tovuti yako ikituma barua, na fundi asipoweka anwani ya mtumaji, barua hutoka kwa jina hilo la mtumiaji. Watu wa Apache hawana ufunguo wa kompyuta yako. Hata wakitaka kukusaidia hawana pa kuingilia.

Usilichukulie jambo hili kwa wepesi. Huenda kuna mtu amepata upenyo, ama kwenye fomu isiyochuja kinachoandikwa, ama kwenye nyongeza ya WordPress (programu ya kujengea tovuti) ambayo haijasasishwa kwa muda mrefu. Fundi wako aifunge fomu leo, apitie kumbukumbu za barua zilizotoka aone ni faili gani linalozituma, alisafishe, asasishe kila kitu kisha abadilishe manenosiri yote. Ukichelewa, anwani ya seva yako itaingizwa kwenye orodha nyeusi za watumaji taka, na ankara zako halali zitaanza kupotelea kwenye folda ya taka za wateja.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Mradi wangu unafanya kazi vizuri kabisa kwenye kompyuta yangu kupitia XAMPP, kifurushi chenye Apache na hifadhidata. Nimemtumia msimamizi kiungo cha localhost/mradi, anasema hakifunguki. Au Apache wamenifungia kwa sababu sijalipia? — Dodoma

Hakuna aliyekufungia, mdogo wangu. "Localhost" maana yake "kompyuta hii hii", na kila kompyuta hulitumia jina hilo kujitaja yenyewe. Msimamizi akibonyeza kiungo chako, kompyuta yake inajitafuta ndani, haiukuti mradi wako, inakataa. Kama anataka kuuona akiwa mbali, upandishe mafaili pamoja na hifadhidata kwenye seva iliyo hewani. Kama anaweza kukutana nawe, nenda na kompyuta yako umwonyeshe.

Nyongeza moja. XAMPP hutolewa na mradi uitwao Apache Friends, ambao ni tofauti na Taasisi ya Apache inayoisimamia seva yenyewe. Imetengenezwa kwa ajili ya kujifunzia, na milango yake imeachwa wazi makusudi ili mwanafunzi asihangaike: msimamizi mkuu wa hifadhidata, kwa mfano, huja bila nenosiri. Usiiweke hewani hivyo hivyo ukaiita tovuti.

Fundi anatudai shilingi 350,000 kila mwaka, ameandika kwenye ankara "leseni ya Apache". Tumelipa miaka miwili. Ni halali? — Katibu wa SACCOS, Mwanza

Katibu, hakuna ada ya leseni ya Apache. Haijawahi kuwepo.

Leseni ipo, lakini ni hati ya ruhusa. Toleo linalotumika sasa ni la 2.0, la Januari 2004. Linakuruhusu kuitumia programu kwa kazi yoyote, ya biashara ikiwemo, kuibadilisha, kuigawa na hata kuiuza. Ukiigawa, sharti uambatanishe leseni, uache matangazo ya hakimiliki yalivyo na uonyeshe mafaili uliyoyabadilisha. Haikupi haki ya kutumia jina la Apache kama nembo yako, na inasema wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Na kwa kuwa wengi huuliza: kuendesha tovuti yenu juu ya Apache hakuwalazimishi kuweka wazi msimbo wenu wala taarifa za wanachama.

Nyuma ya programu hii iko Taasisi ya Programu ya Apache, iliyoundwa 1999 na kusajiliwa Marekani kama shirika lisilo la faida. Inaishi kwa michango na wafadhili. Wanaoandika msimbo huingia kwa kujitolea, ingawa wengi wao wana waajiri wanaowalipa mishahara huku wakiifanya kazi hiyo.

Hata hivyo simwiti fundi wenu mwizi kabla hajajieleza. Kusimika, kusasisha, kulinda, kuamka usiku tovuti inapokatika: yote ni kazi na yanastahili malipo. Kikoa hulipiwa, nafasi kwenye seva hulipiwa, na zipo kampuni zinazouza huduma ya msaada kwa programu huria bila kuvunja sheria yoyote. Mwombeni aandike ankara upya, kila kitu kwa jina lake. Kama fedha ile ilikuwa ya kazi, ataweza kusema ni kazi gani na aliifanya lini. Akishindwa, mnayo haki ya kuidai irudi, maana ni fedha ya wanachama.

Mimi ni afisa wa TEHAMA. Bosi anasema programu ambayo kila mwizi anaweza kuusoma msimbo wake haifai ofisini, tununue iliyofungwa. Nimjibu nini? — Nairobi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hofu ya bosi wako si ya kipuuzi, ila imeelekezwa pasipo.

Kwanza, kusoma si kuandika. Msimbo wa Apache unasomwa na yeyote, lakini wanaoweza kuubadilisha ni wachache waliopewa dhamana hiyo baada ya kazi yao kuonekana kwa muda, na kila badiliko linabaki wazi kwa wenzao kulikagua. Pili, mwizi hahitaji kuusoma msimbo ili avunje. Julai 2001 kirusi cha Code Red kiliambukiza zaidi ya kompyuta 350,000 ndani ya saa zipatazo 14, kikipitia IIS, seva ya wavuti ya Microsoft ambayo msimbo wake umefungwa.

Lakini usimwambie kwamba programu huria haina matundu. Toleo la 2.4.49 la Apache, la Septemba 2021, lilikuja na kosa lililomwezesha mtu wa nje kusoma mafaili yaliyo nje ya folda ya tovuti, pale mipangilio ilipokuwa imelegea. Toleo la 2.4.50 likatoka mwanzoni mwa Oktoba kuziba tundu, likaziba nusu. Siku chache baadaye likafuata 2.4.51. Yote yalifanyika hadharani, pamoja na kukiri kwamba kiraka cha kwanza hakikutosha. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzuri zaidi kuliko kimya cha muuzaji.

Kinachoumiza ofisi nyingi ni kiraka kilichotoka bila mtu kukiweka. Kampuni ya Equifax ya Marekani ilivuja taarifa za watu wapatao milioni 147 mwaka 2017. Wadukuzi waliingia Mei, kupitia tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimeshatolewa Machi. Vichwa vya habari vikaitaja "Apache", na watu wakadhani ni seva ya wavuti. Ilikuwa ni Struts, zana ya kujengea programu za wavuti, nyingine kabisa ya taasisi hiyo hiyo. Mkanganyiko ukajirudia Desemba 2021 kwa Log4j, zana ya kuandikia kumbukumbu za programu, nayo ya taasisi hiyo. Ni rahisi kuihofia seva ya Apache kwa sababu ya jina, ilhali seva hiyo imeandikwa kwa lugha ya C na haitumii Log4j. Taasisi ina mamia ya miradi, yote ikibeba jina hilo mbele.

Kwa hiyo muulize bosi wako: nani hapa ofisini anasoma matangazo ya usalama, na kiraka kikitoka Ijumaa jioni, nani anakiweka? Kama hakuna, hata programu ya kununua haitawalinda.

Apache ni wale wale wa helikopta za jeshi la Marekani? — Zanzibar

Hapana. Wote wamelichukua jina la watu wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani. Mwaka 1995 watu wanane walikuwa wakikusanya viraka vya seva iliyoandikwa na Rob McCool kwenye NCSA, kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Illinois, baada ya yeye kuondoka. Brian Behlendorf, mmoja wao, ndiye aliyelipendekeza jina, kwa heshima ya ustahimilivu wa watu hao. Wengi wakalisikia pia kama mchezo wa maneno, kwani kwa Kiingereza linakaribiana na "yenye viraka". Januari 2023 kundi la wataalamu wa teknolojia ambao ni wenyeji wa asili wa Marekani, Natives in Tech, liliitaka taasisi iache kulitumia jina hilo. Naona wana hoja. Jina la watu walio hai wanapaswa kuulizwa wenyewe.

Tovuti yangu ya kuuza kanga inaonyesha "502 Bad Gateway" na chini yake "nginx". Hii nginx ni kirusi? — Dar es Salaam

Dada, nginx ni seva nyingine huria, iliyoanzishwa na Mrusi Igor Sysoev na kutolewa kwa umma mwaka 2004. Hutamkwa "enjini eksi". Mara nyingi huwekwa mbele kama mlinzi wa getini: yeye hupokea wageni, na programu iliyo nyuma yake ndiyo inayoandaa kurasa za duka lako. Namba 502 ni mlinzi akikuambia amebisha hodi ndani na hakupata jibu la kueleweka. Usimfukuze mlinzi. Mpigie fundi, mtajie saa tatizo lilipoanza, umwambie aangalie ile ya nyuma: kama imezimika, au kumbukumbu ya kompyuta imejaa wateja walipoongezeka.