Injini ya zamani inayozimika ikishapata joto

Kwa kuwa injini ya trekta lako dogo la bustani huwaka vizuri ikiwa baridi, kisha huzimika baada ya dakika 20 na kukataa kuwaka mpaka ipoe, usianze kwa kufungua kabureta. Mara inapozimika, legeza mfuniko wa tangi la petroli. Ikiwaka tena, tundu la hewa la mfuniko huo limeziba. Isipowaka, chomeka plagi ya akiba kwenye waya wa koili (kifaa kinachotoa umeme wa cheche), igusishe kwenye chuma cha injini na uzungushe injini uone cheche, kwa maana koili kuukuu hukatika ndani inapopata joto, kisha hurudia hali yake ikipoa. Kondensa, kifaa kidogo kinachofanya kazi pamoja na pointi (vyuma viwili vinavyokata na kuunganisha umeme wa koili), nayo huleta ugonjwa huohuo, na mimi huibadilisha kwanza kwa sababu ni kifaa rahisi. Kwenye injini za Kohler za mfululizo wa K, mwanya kati ya pointi zikiwa wazi ni milimita 0.5.