Nimefaulu mitihani, mbona hakuna wa kunidhamini viza?

Safu ya Wauguzi: maswali ya wasomaji

Ninayejibu ni muuguzi niliyesomea nje ya Uingereza, na sasa niko wodi ya upasuaji kwenye hospitali ya umma huku. Barua za safari hii karibu zote ni za Uingereza. Ya mwisho ni ya Marekani.

*Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi, nina miaka sita kazini, mingi nikiwa wodi ya upasuaji. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS nimepata alama zinazotakiwa, na CBT, ule mtihani wa uuguzi wa kompyuta, nimefaulu. Tangu hapo naomba kazi Uingereza kila wiki na majibu ni yale yale, hukuchaguliwa. Mengine yanafika usiku ule ule niliotuma maombi. Sasa kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp anasema ana cheti cha udhamini tayari, nilipe nusu sasa, nusu nikipata viza. Mume wangu yuko tayari tuuze kiwanja. Unanishaurije? Muuguzi aliyechoka kusubiri.*

Marahaba, mdogo wangu. Kiwanja kisiuzwe. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wa aina hiyo hukuharakisha, na haraka ndiyo silaha yao.

Cheti cha udhamini si karatasi ya kununuliwa. Ni rekodi yenye namba, ambayo mwajiri mwenye leseni huifungua kwenye mfumo wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza kwa jina la mtu mmoja na kazi moja, mshahara ukiwa umetajwa. Ada yake, iliyopandishwa hadi pauni 525 Aprili 2025, hulipwa na mwajiri, na kwa vyeti vilivyotolewa kuanzia 31 Desemba 2024 haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi ada hiyo kwa njia yoyote. Tozo ya ujuzi, ambayo mwajiri huilipa serikali kwa kila mwaka wa udhamini, ni vivyo hivyo. Gharama zako wewe ni mitihani, maombi ya usajili na viza, na hospitali nyingi za NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza) hukurudishia sehemu yake ukishaanza kazi. Tena kanuni za Uingereza za kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje zinamkataza wakala kumtoza mwombaji ada ya kumtafutia kazi. Kwa hiyo hayo malipo ya nusu kwa nusu hayana pa kusimama.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2023 orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Uingereza inaifuata. Kama nchi yako imo, wakala haruhusiwi kuja kukutafuta. Wewe mwenyewe unaruhusiwa kabisa kuona tangazo na kuomba moja kwa moja kwa mwajiri. Basi akija mtu anayesema ametumwa na hospitali kuwasaka wauguzi katika nchi iliyomo kwenye orodha hiyo, ujue ama anavunja kanuni au hajatumwa na yeyote.

Ukipewa jina la mwajiri, litafute kwenye orodha ya wenye leseni ya udhamini, ambayo iko wazi kwenye tovuti ya serikali, gov.uk. Usiishie hapo, maana matapeli hutumia majina ya hospitali za kweli. Angalia anwani ya barua pepe: za NHS huishia na nhs.uk au nhs.net. Kisha pigia simu hospitali kwa namba iliyo kwenye tovuti yake yenyewe, siyo ile uliyotumiwa, uombe idara ya ajira. Mshahara nao husema kweli. Kwa mwaka wa malipo wa 2025/26, muuguzi wa Band 5 (ngazi ya kuanzia ya muuguzi aliyesajiliwa) England alianzia pauni 31,049. Ukiona "ofa ya muuguzi" ya NHS iko chini ya hapo, soma vizuri cheo kilichoandikwa.

Sasa tuje kwenye kukataliwa. Yale majibu ya usiku ule ule hakuna binadamu aliyeyaandika. Fomu ina maswali ya awali, kama vile una usajili wa NMC (baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza) au una haki ya kufanya kazi Uingereza, na ukijibu hapana kwenye tangazo linalodai hivyo, mfumo unakutoa papo hapo. Hii haina maana hufai. Hali ya soko pia imebadilika. Miaka michache iliyopita hospitali zilikuwa zikichukua wauguzi kutoka nje kwa makundi. Kati ya Aprili na Septemba 2025, waliosomea nje walioingia kwenye daftari la NMC kwa mara ya kwanza walipungua kwa karibu nusu ukilinganisha na kipindi hicho hicho cha mwaka uliotangulia. Nafasi nyingi za Band 5 za kawaida sasa zinajazwa na wahitimu wa hapa na walio hapa tayari. Kwa hiyo kuomba kila tangazo ni kujichosha. Tafuta yanayosema wazi kwamba udhamini unazingatiwa, na yaegemee ujuzi usiopatikana kirahisi. Kama katika miaka hiyo sita umeshika vyombo chumba cha upasuaji, hilo liandike juu kabisa.

Nimewahi kukaa mezani kuchuja maombi ya wodi yetu, na natamani kila muuguzi angeona kazi ile inavyofanyika. Hatuoni jina wala umri. Tunaona sifa zinazotakiwa kwenye tangazo, na maelezo ya mwombaji, tunaweka alama sifa moja baada ya nyingine. Mwombaji mmoja aliandika kurasa mbili kwamba ni mchapakazi, mwaminifu na anapenda kuhudumia watu. Namuamini, lakini hakunipa pa kuweka alama. Mwingine alieleza mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo, presha ikaanza kushuka na mapigo kupanda. Akaandika alichokiona kwenye bandeji, alimwita nani, alimwambia nini, na dripu alivyoishughulikia huku akisubiri daktari. Aya moja tu, na ikagusa sifa nne. Huyo tulimwita kwenye usaili. Chukua sifa za tangazo, ziandike kama vichwa, na chini ya kila kimoja weka mgonjwa mmoja wa kweli, bila jina lake.

Mstari wako wa kwanza uwe hali ya usajili. Mwajiri anayekudhamini anabeba hatari, kwa sababu sheria ya viza inampa miezi minane tangu tarehe ya kuanza kazi uwe umesajiliwa. Ikishindikana, analazimika kusitisha udhamini. Anataka kujua umefika wapi. Usingoje kazi ndipo umalizie maombi yako NMC. Baraza la nchi uliyosomea linatakiwa kuthibitisha taarifa zako lenyewe, na hapo ndipo mafaili mengi hulala kwa miezi. Fuatilia kwa simu, na ikiwezekana kwa miguu. Ukifikia hatua ya kuruhusiwa kufanya OSCE, yaani mtihani wa vitendo unaofanyika Uingereza, andika hivyo hivyo: Kiingereza tayari, CBT tayari, imebaki OSCE tu.

Na OSCE anza kuifanyia mazoezi leo. Ina vituo kumi, na wauguzi wazoefu huangukia kwenye mambo tuliyoyafanya maelfu ya mara bila kusema neno. Mtahini anaweka alama kwa anachokiona na kukisikia. Ukipima pumzi, hesabu dakika nzima kwa saa ya kubandika kifuani, kwa sababu mikono inatakiwa iwe wazi hadi kiwiko. Kabla ya kutoa dawa, muulize mgonjwa jina na tarehe ya kuzaliwa, linganisha na utepe wa mkononi, muulize kuhusu mzio hata kama umeandikwa kwenye chati mbele yako. Mimi nilizoea kusema kila hatua kwa sauti nyumbani mpaka mdomo ukaenda pamoja na mikono.

Sheria inaruhusu kuja kwa viza ya matembezi kufanya OSCE kisha urudi, bila kufanya kazi. Ukirudi na usajili kamili unaomba ukiwa na nguvu zaidi. Ila kwa maoni yangu hiyo ni kwa mwenye akiba yake. Usiifanye kwa mkopo.

*Dada, IELTS nimepata 7 na zaidi kote, lakini kuandika nimeishia 6. Naambiwa nianze upya kabisa. Kweli?*

Si kweli. NMC inataka 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika, na inakubali kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanyika ndani ya miezi 12, mradi kusiwe na chini ya 6.5 kwenye zile tatu wala chini ya 6 kwenye kuandika katika mtihani wowote kati ya hiyo miwili. Wewe uko ndani ya mstari. Rudia, lenga 6.5 ya kuandika, na zile nyingine zisishuke chini ya 6.5. Kama insha za mada za jumla ndizo zinazokukwamisha, fikiria OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya: kuandika kwake ni barua ya kumhamisha au kumruhusu mgonjwa, kitu ambacho umekiandika maisha yako yote ya kazi.

*Habari dada. Nyumbani nilikuwa muuguzi, nikaja Uingereza kwa viza ya mhudumu wa malezi (care worker, wa kuhudumia wazee na wasiojiweza), nikijua nitapanda nikiwa hapa. Kampuni iliyonileta imenyang'anywa leseni. Nimekaa nayo mwaka na nusu, zamu zenyewe zilikuwa za kubahatisha. Watoto wangu wananitegemea. Nimeshachelewa?*

Pole sana, kaka yangu. Hujachelewa, na hauko peke yako. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ilifuta leseni za udhamini zaidi ya 470 kwenye sekta ya malezi, na nyuma ya kila leseni kuna watu kama wewe waliofanya kazi kwa nia njema. Inaniuma kwamba adhabu ya kampuni inamfikia kwanza mfanyakazi.

Barua ya Wizara ya Mambo ya Ndani ikifika, kwa kawaida viza hukatwa ibaki siku 60, na kinachotakiwa ndani ya muda huo ni kuwasilisha maombi mapya yenye mdhamini mpya. Siku zihesabu kwa tarehe iliyo kwenye barua, siyo siku uliyosikia habari kwa wenzako. Njia ya kuajiri wahudumu wa malezi kutoka nje ilifungwa 22 Julai 2025, lakini mliomo ndani mna kipindi cha mpito hadi Julai 2028, na kubadili mwajiri kunaruhusiwa. Katika mikoa ya England kuna ushirika wa halmashauri unaosaidia waliopoteza wadhamini kukutanishwa na waajiri halali. Ujumbe wao ukija kwenye barua pepe yako usiupuuze.

Kuna kitu kimoja cha kufanya wiki hii. Kama ulisomea uuguzi kwa Kiingereza, NMC inaweza kupokea uthibitisho wa Kiingereza kutoka kwa mwajiri wako wa hapa, ikiwa umefanya naye kazi ya huduma angalau miezi 12 katika miaka miwili iliyopita. Wewe unayo. Mtafute msimamizi wako, umuulize kuhusu fomu ya uthibitisho huo kabla kampuni haijafunga ofisi na watu hawajatawanyika. Chukua pia hati zote za mishahara na ratiba za zamu. Kisha fungua faili lako NMC ukiwa bado kwenye kazi ya malezi ya mwajiri mpya, na umwambie huyo mwajiri tangu siku ya usaili kwamba wewe ni muuguzi unayesubiri usajili. Nyumba za wazee zenye wauguzi zinakuhitaji kwa cheo hicho.

*Mkataba unasema nikiondoka kabla ya miaka mitatu nirudishe gharama zote, bila kutaja kiasi. Nisaini?*

Bado. Kanuni zinataka kifungu cha kurudisha gharama kiwe wazi, kiwe na uwiano na kipungue kadiri unavyokaa. Waandikie barua pepe uombe mchanganuo: kila gharama na kiasi chake, na kinachobaki baada ya kila miezi sita. Ada ya cheti cha udhamini na tozo ya ujuzi zisiwemo. Mwajiri mwema atajibu. Akikataa kutaja kiasi, mimi nisingesaini.

*Nilifaulu NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, wakala wa Marekani akasema amepeleka maombi yangu. Miaka inapita, kila nikiuliza anasema foleni imerudi nyuma. Ananidanganya?*

Huenda hakudanganyi, na unaweza kuhakikisha mwenyewe. Wauguzi wengi huingia Marekani kwa kundi la EB-3, la viza za ukaazi wa kudumu kwa njia ya kazi, lenye idadi ya viza yenye ukomo kila mwaka. Muuguzi amesamehewa hatua ya kuthibitisha kwamba hakuna Mmarekani wa kuijaza nafasi, lakini hajasamehewa foleni. Mwombe wakala nakala ya I-797, risiti ya ombi la I-140, ambalo mwajiri hulipeleka serikalini kwa ajili yako. Humo mna tarehe yako ya foleni. Ilinganishe na taarifa ya viza ambayo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huitoa kila mwezi. Asipoweza kukupa nakala hiyo, basi una sababu ya kuamini kwamba hakuna kilichopelekwa.

Wakati unasubiri, angalia cheti cha VisaScreen, cha kuthibitisha elimu, leseni na Kiingereza chako kwa ajili ya viza, kinachodumu miaka mitano, na matokeo ya Kiingereza, ambayo huisha mapema zaidi. Na foleni inahesabiwa kwa nchi uliyozaliwa, siyo uraia ulio nao sasa. Kama mwenzi wako alizaliwa nchi yenye foleni fupi na mnasafiri pamoja, mnaweza kutumia nchi yake. Mwandikie mwanasheria anayeshika faili lako umuulize hilo kabla hamjafika hatua ya usaili wa ubalozi.