Taa kubwa za basi zikififia, pima kabla ya kununua

Taa za mbele zikififia kwenye basi kuukuu, wengi hapa Mombasa hukimbilia dukani kununua balbu. Balbu mpya isiposaidia, lawama huhamia kwa betri, kisha kwa alteneta, yaani mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Nakusihi usinunue chochote kabla hujapima umeme unaofika kwenye balbu, tena upime taa ikiwa inawaka. Hilo la mwisho ndilo hupuuzwa, na ndilo lililonifanya niandike.

Basi letu zamani lilibeba wanafunzi. Tulitoa viti, tukaweka jiko, friji na tangi la maji, na sasa hubeba mapishi ya harusi, leo Malindi, kesho Msambweni. Shughuli huisha usiku. Kando ya lami kuna watu wanaotembea, bodaboda zisizo na taa ya nyuma, mikokoteni ya punda. Dereva asipowaona mapema, hata breki nzuri haimsaidii.

Kwa nini upime taa ikiwaka? Fundi akichomoa soketi ya taa na kupima, mita itamwonyesha volti zote, hata kama waya umebakiwa na uzi mmoja wa shaba. Mita yenyewe haivuti umeme wa maana, kwa hiyo uzi huo unaitosha. Rudisha balbu ya wati 70, ambayo kwenye mfumo wa volti 24 huvuta karibu ampea 3, na uzi huo utazidiwa. Volti zinapotea njiani, na fundi ameshakwambia kwa nia njema kabisa kwamba waya ni mzima.

Kwa hiyo ingiza ncha za mita nyuma ya soketi bila kuichomoa, injini ikinguruma na dimu, yaani mwanga wa karibu, ikiwaka. Betri zetu mbili kwa pamoja zilikuwa na volti 27.8, lakini balbu ya kushoto ilipata 23.9. Kisha tukaigawa njia ya umeme mara mbili. Kutoka chanya ya betri hadi waya wa chanya wa balbu, mita ilisoma 0.6. Kutoka waya wa kurudi wa balbu hadi hasi ya betri, ilisoma 3.3. Utahitaji kuunga waya mrefu kwenye mita kwa sababu betri za basi hukaa mbali na taa, lakini kazi yenyewe ni ya dakika chache. Mimi hukubali kupoteza nusu volti kila upande, si zaidi. Usidharau volti hizo: zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga wa balbu ya kawaida hupungua kwa takribani asilimia 30.

Tatizo letu lilikuwa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Hapa Pwani hapo ndipo pa kushuku kwanza. Ethi ya taa hufungwa kwa boliti kwenye bodi, na bodi ni vyuma vilivyoungwa juu ya chesisi, vikapakwa rangi, kisha vikaanza kula kutu. Umeme hulazimika kupita viungo vyote hivyo. Hewa yetu ina munyu, na gari linalovuka Likoni kila mara au kulala Nyali karibu na ufuo hupata sehemu yake. Ukivua ganda la waya unakuta shaba imegeuka kijani kwa ndani.

Dalili zake utazijua. Taa ya upande mmoja inakuwa na wekundu. Ukiwasha indiketa, taa kubwa inapepesa nayo. Au uko kwenye dimu, lakini ile taa ya buluu ya fulu, yaani mwanga wa mbali, kwenye dashibodi inawaka hafifu. Balbu ya H4, aina inayotoa dimu na fulu kwa pamoja, ina nyuzi mbili zinazotumia mguu mmoja, yaani pini moja ya kuchomekea waya. Mguu huo ukikosa njia ya kurudi, umeme huzunguka kupitia uzi wa fulu na kutafuta njia kwenye taa ya pili.

Dawa yake ni rahisi. Tulivuta waya mpya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kila taa hadi kwenye chesisi, tukapiga msasa mpaka chuma king'ae, tukakaza boliti na washa yenye meno, kisha tukapaka grisi juu. Kagua pia waya mnene unaounga hasi ya betri na chesisi.

Lakini tahadhari, na naiandika kwa uzito. Magari mengi ya Kijapani hukata umeme upande wa hasi: ule mguu wa pamoja wa balbu hupokea chanya, na swichi ndiyo huunganisha ethi. Ukiunga ethi kwenye mguu huo, fyuzi itaungua papo hapo. Pima ujue mguu upi ni upi kwanza. Na fyuzi ikiungua, usiweke kubwa zaidi, wala usizungushie karatasi ya fedha ya sigara. Basi la mbao na sponji ndani huwaka haraka.

Kama volti zinapotea upande wa chanya, mara nyingi ni swichi iliyochoka kubeba mzigo wote. Weka rilei ya volti 24, yaani swichi inayoamshwa kwa umeme kidogo ili ipitishe mwingi. Pini zake zina namba: 30 ipokee chanya ya betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, 87 iende kwenye balbu, na swichi ibaki kuamsha 85 na 86 tu.

Basi lililogeuzwa matumizi lina matatizo yake ya ziada. Kagua skrubu za plaiwudi zilizopigwa juu ya nyaya za zamani. Usitoe volti 12 za redio au feni kwenye betri moja kati ya zile mbili, maana moja itachoka na nyingine itajazwa kupita kiasi. Nunua kibadilishaji cha volti 24 kuwa 12. Pima kila betri peke yake gari likiwa limelala. Zikitofautiana kwa nusu volti, anza kushuku hapo.

Mwanga ukisharudi, rekebisha uelekeo wa taa. Jiko na tangi la maji vikiwa nyuma, pua ya basi huinuka na dimu hupiga machoni mwa madereva wanaokuja. Jaza tangi, egesha mahali tambarare mita 10 kutoka ukutani, na ushushe taa hadi ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 au zaidi kidogo chini ya kimo cha taa zenyewe.