Maswali yenu: kuchomelea bati jembamba la alumini

Fundi, mashine yangu ya TIG (inayochomelea kwa ncha ya tangsteni na gesi) ina DC tu, yaani mkondo usiogeuka. Chuma inashika vizuri, alumini inatoboka. Kwa nini? (Katwe, Kampala)

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini imefunikwa na utando wa oksidi unaostahimili zaidi ya nyuzi 2,000. Kwa hiyo ndani kunakuwa uji huku ngozi ya juu ikiwa bado nzima, na ghafla bati linaanguka. Mkondo geu, ule ulioandikwa AC, hugeuka mara nyingi kwa sekunde: elektrodi, yaani ile ncha ya tangsteni, ikiwa chanya utando huvunjwa, ikiwa hasi joto huingia kwenye kazi. Wewe unakosa ule upande wa kusafisha. Usinunue waya mwingine wa kujazia. Tafuta mashine yenye AC.

Bati la milimita 1.5 niweke ampia ngapi? (Jinja)

Anzia 60. Hesabu ya mafundi ni kama ampia 40 kwa kila milimita. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, basi usingoje rangi. Tazama dimbwi la alumini iliyoyeyuka likianza kung'aa, utie waya na kusonga. Kipande cha shaba chini ya mshono hunyonya joto la ziada.

Mshono wangu unatoka mweusi, una vitundu. Nabadilisha ampia, wapi! (Mbale)

Ampia ziache. Huo ni uchafu, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Futa mafuta kwanza kwa asetoni, ikauke kabisa. Kisha piga brashi ya chuma kisichoshika kutu, iliyotengwa kwa alumini peke yake; iliyogusa chuma cha kawaida huacha chembe zake. Ukianza na brashi, unayasugua mafuta yaingie ndani. Nawaomba sana mfuate mpangilio huo. Futa na waya wa kujazia pia, na uchomelee mara moja, maana utando hurudi. Gesi iwe agoni tupu: ile iliyochanganywa na kaboni dioksidi ya kuchomelea chuma huunguza ncha ya tangsteni.

Waya gani kwa sufuria iliyopasuka? (Arua)

Wenye namba 4043. Una silikoni, hutiririka vizuri kwenye alumini ya kusubu.

Shingo inaniungua ingawa navaa kofia ya kuchomelea. (Kampala)

Alumini hurudisha mwanga wa tao la umeme kukupiga kutoka chini. Vaa shati zito la pamba, rangi nyeusi, ufunge kola.