Umeme haukushindi, desimali ndizo zinakuangusha

Wadogo zangu mnaoanza sekondari, nimefundisha tuisheni ya hesabu na fizikia muda wa kutosha kuwaambia hivi: wengi wanaolalamika kwamba umeme ni mgumu, fomula wanaijua kwa kichwa. Wanakwama nukta inapotokea.

Chukua swali hili. Betri mbili za tochi, kila moja volti 1.5, zimeungwa mfululizo kwenye balbu, na mkondo ni ampea 0.25. Ukinzani ni kiasi gani? Fomula ni volti gawanya kwa mkondo: betri mbili ni volti 3, gawanya kwa 0.25. Majibu yanayonijia sana ni 0.75, yaani mtu kazidisha, na 1.2, nukta imeteleza. Ukimwambia ni omu 12 anagoma: nimegawanya, namba imekuaje kubwa? Basi weka fizikia pembeni, nenda dukani. Kilo 3 za sukari ukizifunga robo robo unapata vifuko vingapi? 12, na hakuna muuza duka anayeshangaa. Robo ndiyo hiyo 0.25.

Nadhani pesa yetu nayo imechangia. Senti hatuzishiki tena, kila bei ni namba nzima, kwa hiyo mtoto anakutana na nukta darasani tu. Ndiyo maana anakwambia 0.35 inaizidi 0.4, "kwa sababu 35 ni kubwa kuliko 4". Soma tarakimu moja moja: sifuri nukta tatu tano. Ukisema "nukta thelathini na tano" umeshajipoteza. Kisha jazia sifuri, 0.35 na 0.40, ulinganishe.

Uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni mazoezi ya bure nyumbani. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 5 inatumia wati-saa 45. Uniti moja ni wati-saa 1000, kwa hiyo gawanya kwa 1000, ni uniti 0.045. Mara nyingi naletewa 0.45. Kabla hujakabidhi daftari, pima jibu kwa akili: pasi ya wati 1000 inakula uniti 1 kwa saa. Balbu hiyo haifiki hata sehemu moja ya mia ya pasi, kwa hiyo kwa saa 5 haiwezi kufika 0.05. Jibu la 0.45 limekufa hapo hapo, hata kikokotoo hujakigusa. (Kikokotoo chenyewe kinatii tu, ukikosea kubonyeza nukta hakikuulizi.)

Mkipata mita ya kupimia mkondo na volti, hata ya kuazima kwa fundi simu, fanyeni kwa betri za tochi. Amita, ya kupima mkondo, inakaa ndani ya njia ya mkondo, mfululizo na balbu. Ukiibandika moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri unaunguza fyuzi yake. Voltimita, ya kupima volti, ndiyo inayowekwa sambamba na balbu. Amita ikisoma miliampea 250, andika ampea 0.25 kwanza, ndipo uingize kwenye fomula. Soketi ya ukutani msiiguse: ile ni volti 230.